Mhitimu wa Mia na Arobaini na Tatu

Jumanne ya pili ya Januari, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Marlys Dykhuis alikuwa akipanga vikombe juu ya kabati la mafaili katika Ofisi ya Wito na Ajira ya Chuo Kikuu cha Middelveld. Nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri, na theluji ilikuwa imeganda kutoka ngazi za kanisa la chuo hadi kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Saa nne kila mtu huacha kazi akanywa kahawa. Ndivyo ilivyokuwa tangu wazee wao walipofika Iowa, Marekani, kutoka Uholanzi, na hakuna mkuu wa chuo aliyewahi kuthubutu kuigusa saa hiyo.

Janelle Tersteeg aliingia, akafuta viatu kwenye mkeka, akasalimu. Viatu vilikuwa na udongo mweusi wa chini kabisa, ambao mwezi huo haupatikani juu ya ardhi. Alikuwa amefariki tarehe kumi na tisa Novemba. Marlys mwenyewe ndiye aliyepanga mikate ya nyama ya nguruwe kwenye ukumbi wa kanisa baada ya maziko.

"Nimekuja kwa ajili ya zile barua zenu," Janelle alisema. "Nimepata tatu. Samahani, nimechelewa kujibu."

Marlys alimwambia hakuna neno, wengi huchelewa. Akamvutia kiti, akamwekea kahawa. Janelle alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa, na kahawa ikapoa papo hapo.

Barua zilikuwa za kila mwaka, na hurudiwa hadi mtu ajibu. Aliyehitimu Mei hutakiwa kueleza kabla ya mwisho wa Januari yuko wapi na anafanya nini. Fomu ina visanduku vinne: ameajiriwa, anaendelea na masomo, yuko kwenye utumishi wa misheni, bado anatafuta. Kisanduku cha nne hakikuwa kimetiwa alama kwa miaka kumi na mmoja. Kando ya barabara kuu, mahali malori ya nguruwe yanapokata kona, kulikuwa na bango la chuo lililosema kwamba wahitimu wake asilimia mia moja wamepata wito wao.

Watu wa Middelveld hawakuona kuwa ni uongo. Walifundishwa tangu utotoni kwamba kila kazi halali ni wito, na kwamba hakuna pembe ya dunia isiyo ya Mungu. Kwa hiyo aliyesomea teolojia akawa anapanga makopo dukani aliandikwa yuko kwenye huduma ya jamii. Aliyesomea kemia akakaa nyumbani kumwogesha bibi yake aliandikwa yuko kwenye sekta ya afya. Marlys alikuwa ameandika mengi ya namna hiyo, kwa mwandiko mzuri.

Janelle alijaza jina, mwaka, na somo alilohitimu: ualimu wa muziki. Alipofika kwenye visanduku hakusita. Alitia alama kwenye cha nne.

Marlys aliitazama alama ile. Akasema kwamba itabidi amwite Bwana Kendall.

Kendall Roelofs, mkurugenzi wa ofisi, alikuwa mtu mpole aliyemfundisha Janelle shule ya Jumapili alipokuwa na miaka saba. Alimpa mkono, akauacha upesi kidogo kwa sababu ya ubaridi, akamwambia anafurahi kumwona. Kisha akaeleza tatizo. Kwa kanuni, mhitimu aliyefariki huondolewa kwenye hesabu, na wao walikuwa wamekwisha kumwondoa. Lakini kanuni hiyo hiyo inasema aliyejibu mwenyewe hawezi kuondolewa. Sasa wahitimu walikuwa wamerudi kuwa mia na arobaini na watatu, na mia na arobaini na wawili wakiwa na wito.

"Lakini ulikuwa kwenye kiwanda cha mayai, sivyo?" Kendall aliuliza. "Hiyo ni sekta ya chakula. Ni kazi ya heshima."

"Pale nilikuwa nangoja," Janelle alisema. "Na tena walishanitoa kwenye zamu."

Alikuwa ameomba kazi katika shule arobaini na moja. Shule tisa zilijibu. Nyingine zilikuwa zimefuta vipindi vya muziki, nyingine zilitaka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Tangu Juni alisimama kiwandani mbele ya taa, mayai yakipita juu ya mwanga, akitoa yenye damu. Zamu iliisha alfajiri. Asubuhi ya tarehe kumi na tisa alisinzia kwenye usukani, gari likaingia mtaroni karibu na shamba la baba yake, mahali ambapo taa ya jikoni kwao inaonekana.

Kendall alimwita mchungaji wa chuo. Mchungaji alikaa, akafikiri, akasema labda kisanduku cha tatu kingefaa, kwa kuwa Janelle ameitwa kwenye utumishi wa juu zaidi.

"Sijafika huko bado, mchungaji," Janelle alisema. "Nimekuja hapa kwanza."

Hakukasirika. Alieleza tu kwamba kila akilala huiona ile karatasi haijajazwa, au imejazwa na mtu mwingine, na usingizi hauji. Ikiandikwa ilivyo, atarudi kulala. Hilo ndilo alilolitaka.

Kendall alisema atalitafakari. Kwa hiyo Janelle akabaki kwenye kiti. Kesho yake alikuwapo tena kabla mlango haujafunguliwa, na keshokutwa pia. Wanafunzi waliokuja kutengenezewa barua za kuomba kazi walimzoea. Wengine waliosoma naye walimuuliza kama kule alikotoka ameonana na mtu, akawaambia hapana, ni kimya tu. Orrin, mfagiaji, alipiga deki kuzunguka viatu vyake kila siku na hakunung'unika kuhusu udongo.

"Huyu angalau anakuja mwenyewe, tena mapema," alimwambia Marlys. "Wale walio hai tunawapigia simu mara nane, wanatukimbia kama tunawadai."

"Orrin, yupo hapa hapa, anakusikia."

"Namsifia, Marlys. Au na sifa nazo zimekatazwa?"

Janelle alitabasamu. Marlys alikumbuka kwamba tabasamu hilo lilikuwa hivyo hivyo alipoongoza kwaya ya watoto.

Siku ya nne alikuja baba yake, Verlan, mfugaji wa nguruwe, mjane, akiwa amebeba koti la bintiye la majira ya baridi. Alikuwa ameliona kaburi limebonyea katikati, akajua hayupo. Alimvisha koti akiwa ameketi, akamfunga vifungo vyote hadi shingoni. Kisha akaingia kwa Kendall na kofia mkononi. Hakufunga mlango, kwa hiyo Marlys alisikia.

"Kendall, sikuombi kazi wala fidia. Naomba hiyo alama iachwe ilivyo, mtoto wangu akapumzike."

Kendall alifuta miwani yake muda mrefu. Alimkumbusha kuhusu chuo kingine cha Kikristo, mwendo wa saa moja kuelekea mashariki, kilichofungwa miaka miwili iliyopita. Katika madarasa yake sasa zinahifadhiwa mbegu za soya. Kilianza kwa kushuka kidogo tu. Wazazi wanasoma lile bango. Wakiona tisini na tisa watauliza yule mmoja ni nani, na mwaka ujao watapeleka watoto chuo cha serikali. Watu mia na ishirini wanakula kwa chuo hiki, alisema, na nusu yao wanakaa nawe benchi moja kanisani.

"Nawajua," Verlan alisema. "Na huyu ni mmoja."

"Ningekuwa na njia nyingine ningeitumia, Verlan."

Kuanzia hapo Verlan alikuja kila asubuhi baada ya kulisha nguruwe. Alikaa karibu na bintiye. Aliyekuwa akipita aliwaona kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari wa meno.

Ripoti ilitakiwa kupelekwa kwa mpiga chapa tarehe moja Februari. Tarehe thelathini Januari, saa nne, kahawa ikimiminwa na mchungaji akiwa amekuja kuinywa, Kendall alitoka ofisini kwake na barua yenye nembo ya chuo. Alisema usiku uliopita aliomba sana, na asubuhi njia ilikuwa wazi mbele yake. Ofisi ilihitaji msaidizi wa kupiga simu, saa ishirini kwa wiki. Msaidizi huyo hangehitaji bima ya afya wala nafasi ya kuegesha gari. Mkuu wa chuo amekwisha kutia sahihi.

Janelle aliisoma barua. Akairudia tangu mwanzo. Ilianza kwa kusema kwamba chuo kina furaha kumjulisha kuwa amechaguliwa.

Verlan alisimama.

"Mwanangu, usiisaini hiyo. Twende ukalale."

Janelle hakuinua macho. Kidole chake kilikuwa bado kwenye mstari wa kwanza.

"Baba," alisema, "wamenichukua."

Verlan alimtazama Kendall, kisha Marlys. Marlys alikuwa ameshika birika na alijua kwamba angeweza kusema neno. Alikuwa na miaka ishirini na sita katika ofisi ile. Akamjazia mkurugenzi kikombe chake, kisha cha mchungaji, kisha chake mwenyewe. Janelle aliomba kalamu.

Marlys alichukua fomu mpya, akaandika jina, akatia alama kwenye kisanduku cha kwanza. Ya zamani aliipitisha kwenye mashine ya kukatakata karatasi, na ilipita kama nyingine zote. Ripoti ikatoka kwa wakati: mia na arobaini na watatu kati ya mia na arobaini na watatu. Shukrani zilitolewa kwenye ibada ya asubuhi.

Janelle alipewa meza dirishani. Saa zake ishirini zikaisha Jumatano ya wiki ya kwanza, akaendelea, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Hakulala tena, wala hakujaribu. Kule makaburini mchonga mawe alimpigia Verlan kuuliza kama ardhi ikiyeyuka aweke lile jiwe au asubiri. Verlan alimwambia hajui.

Ijumaa Verlan alikuja kama kawaida. Janelle alikuwa kwenye simu, koti lake limefungwa hadi shingoni. Alimwona, akainua kidole kimoja kumwomba asubiri. Verlan akakaa kwenye kile kiti, kofia juu ya goti.

"Anaonekana amechoka," alimwambia Marlys.

"Ndiyo," Marlys alisema.

Sauti ya Janelle ilikuwa ya upole, ile aliyoizoea kuitumia na watoto wanaoogopa kuimba peke yao. Alikuwa akiongea na msichana aliyehitimu Desemba.

"Unalea watoto wa dada yako? Kila siku? Wawili?" Alisikiliza. "Usilie. Wewe una kazi. Hiyo tunaiandika."

Akaandika, akachukua jina linalofuata. Verlan alingoja hadi saa tano na nusu, kisha akavaa kofia na kwenda kulisha nguruwe.