Mumbi, Kiboko na Viazi vya Mama Rebeka

Nilimwomba Mama Rebeka aache ukanda wa majani kati ya ziwa na shamba lake la viazi hapa Bunda, viboko wapate pa kupita.

"Kiboko? Si ndiye ananimaliziaga viazi! Ungesema ndege mumbi, sawa. Yule mstaarabu, anatembea kwenye mashamba ya pamba kama katekista, anakula panzi."

"Mama, wote wawili wanapungua. Mumbi hulea kifaranga kimoja tu. Kiboko naye huzaa mmoja mmoja."

Akamtazama Rebeka, mwanawe wa pekee, aliyekuwa akipalilia.

"Mmoja tu?"

"Mmoja, mama."

Akashika jembe, akachora mstari hatua sita ndani ya shamba, upande wa ziwa.

"Basi apite hapa. Ila mwambie viazi vyangu asiguse!"

Nikaahidi kumwambia.