Butembo Ndogo

Asubuhi, jua likishapanda juu ya Bwera, mto Lhubiriha hung'aa katikati ya mawe yake, maji membamba, maji baridi, maji ya magotini. Mtoto anavuka. Mbuzi anavuka. Huku Uganda, kule Kongo, na mto katikati unajifanya mpole. Mpole! Kamuulizeni Anastasie.

Yeye aliuvuka na mtoto wake Chérie mgongoni na sufuria kichwani, mumewe Benoît akimfuata na godoro. Nyuma yao waliacha shamba la kahawa karibu na Butembo, na watu wenye mapanga ambao hawakusema hata wanachotaka. Bwera haikuwanyima mahali pa kulala, tuseme haki. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Chumba ni cha kupanga, na mwenye chumba akikitaka, kesho unafunga virago. Wakafunga, wakafungua, wakafunga tena. Anastasie akabaki na tamaa moja tu duniani: kipande cha ardhi ambapo hakuna mtu angemwambia, toka.

Cha kununua hawakukiweza. Ndipo siku moja Benoît aliposimama ukingoni, mikono kiunoni, akautazama mto kama mtu anayetazama ng'ombe wa kununua.

"Mama Chérie," akasema, "tutatengeneza ya kwetu. Mawe iko. Mikono iko."

Wakatengeneza. Jiwe juu ya jiwe, gunia juu ya gunia. Magunia ya unga wa muhogo yaliyotupwa sokoni Mpondwe, Anastasie akayaokota, akayashona kwa uzi mwekundu, wakayajaza mchanga. Udongo walibeba kwa beseni kutoka penye barabara iliyochimbwa. Wakapanda matete yashike kingo. Jiwe juu ya jiwe, gunia juu ya gunia, mpaka ardhi ikatoka ukingoni ikaingia majini, kidole kimoja, halafu mkono mzima, na juu yake mboga ya lengalenga, na maharage, na kibanda cha mabati machakavu. Walilala humo wakisikia maji pande tatu, na Anastasie alikuwa na furaha, mimi nawaambia, furaha ya kumfanya mtu aogope.

Edisa, jirani yao wa kabila la Wakonzo, aliyezaliwa papo hapo ukingoni, alicheka mpaka akakaa chini. Ndiye aliyeipa jina. "Butembo Ndogo," alisema, na mji mzima ukalidaka. Kisha akaacha kucheka. "Lakini maji ilipita hapa zamani, Mama Chérie. Itakuja kuuliza."

Aliyeulizwa kwanza alikuwa Benoît. Kifua kilimbana msimu wa baridi ya mlimani, na hakuinuka. Na mwili haujatoka ndani, maneno yakaanza mjini: ukingo si wa mtu, huyu mjane atahama lini?

Edisa alikuja kumfariji, akasema neno ambalo angelimeza kama angejua. "Usiogope. Hapa kwetu mutu hafukuzwi penye mufu wake amelala."

Anastasie akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Padri alikuwa ametoa nafasi makaburini, juu mlimani, penye udongo mkavu wa Mungu mwenyewe. Akaikataa. Wakachimba Butembo Ndogo. Shimo lilipofika kina cha kiuno, maji yakachuruzika chini yake, polepole, safi kabisa. Wachimbaji wakatazamana. Hakuna asiyeyaona, na yeye aliyaona kuliko wote.

"Muendelee," akasema.

Kichwani mwa kaburi alichomeka tawi la isale alilopewa na Edisa, mmea wa mipaka na wa wafu, ule ambao hata ukikatwa hushika tena. Na kweli, hakuna aliyekuja kumwambia toka. Watu wa mjini walipita wakavua kofia. Ardhi ilikuwa yake sasa, kwa haki ya aliyelala ndani yake.

Ewe Lhubiriha, ungengoja hata kidogo.

Ilikuwa siku ya soko, alasiri, jua linawaka Bwera, na mlima nyuma umegeuka mweusi. Mvua ilinyesha huko juu, sisi hatukupata tone. Tulisikia tu mawe yakigongana. Anastasie aliacha samaki wake wa kuuza mezani sokoni akakimbia, akafika ukingoni, akashikwa na watu kiunoni asijitupe. Akaona yote. Gunia baada ya gunia, jiwe baada ya jiwe. Matete yaliinama, kibanda kikaondoka kimesimama, na mahali pa kaburi pakafunguka. Hakulia. Aliita tu, "Papa Chérie," kwa sauti ya kumwita mtu aje kula.

Maji yalipopungua, upande huu palibaki ukingo uliokatwa wima. Lakini upande wa pili, chini kidogo kwenye kona, mto ulikuwa umejenga. Ardhi mpya imetoka Kongo ikaingia majini, mkono mzima, na ndani yake magunia yenye uzi mwekundu. Mtu wa kule, hatumjui, ameshapanda maharage. Na kati ya maharage, isale limechipua majani mawili. Mtu yule hakuling'oa. Kwao pia wanajua maana yake.

Asubuhi hii mto unang'aa tena, maji membamba, maji ya magotini. Mtoto anavuka. Mbuzi anavuka. Anastasie havuki, maana wenye mapanga bado wako kule, nyuma ya vilima. Chérie, aliye mrefu sasa kama mama yake, alisimama kando yake.

"Mama, papa iko wapi sasa?"

Anastasie akanyoosha mkono ng'ambo. "Alirudi kwetu," akasema. "Alituacha huku."

Kisha akageuka, akaenda kufunga virago. Mwenye chumba walichopanga tena alishapiga hodi tangu alfajiri.