Kichwa Kinachojinyoa

...na vidole vya Nabalayo vimeshafika kwenye fundo la kitambaa, naye Akeyo ameviwekea mkono juu kama anayemzuia mtoto asiguse sufuria ya moto, na mtoto mwenyewe, Omolo, ananyonya mapajani bila habari, "Mama Omolo, toa hiki basi, ama leo nisuke kitambaa?", jirani anacheka, magoti yake yamembana Akeyo mabega hapa kizingitini, chanuo amelipachika kwenye nywele zake mwenyewe, nyingi kama nyasi za Menengai baada ya mvua... akitoa ataona, juu ya masikio hakuna kitu, utosini ni shamba lililopitiwa na mbuzi, na Nabalayo ni Mluhya lakini amekaa na Wajaluo kwenye landhi hizi, nyumba za wafanyakazi wa reli, anajua kwao mwanamke hunyolewa lini, hunyolewa mume akishazikwa, wembe unapita kichwa chote, na sasa kichwa hiki kinajinyoa chenyewe na mumewe Owino yu hai, yuko kwenye injini inayopanda Mau Summit... kichwa kimepata habari kabla ya masikio, ndivyo alivyojiambia asubuhi ile chanuo liliporudi limejaa nywele, ndiyo maana amepanga, jioni Owino akiingia amwambie aache reli, warudi nyumbani walime, na Owino atauliza kwa nini, kazi aliyoitafuta mpaka viatu vikaisha, naye atajibu nini, nywele?... amepaka mafuta ya mbarika, amepaka shubiri, hata mafuta ya taa aliyoambiwa na mama mmoja pale bombani, yakamchoma mpaka machozi, na dresa wa zahanati, "Ni uzazi huo, mama, na ile homa iliyofuata, kula maini, kula mayai, usizivute, zitarudi," akisema huku anamfunga kidonda mtu mwingine, na nani aamini maneno anayopewa kwa mgongo... "Umelala?" "Sijalala," hajalala, anawaza zile zinazotoka, hazitupwi ovyo, huzisokota akazisukuma kwenye ufa juu ya mlango, kama mama alivyokuwa... mama... kitonge cheusi kwenye nyasi za paa, utotoni alidhani ni kiota cha ndege, akakivuta, mama akamnyang'anya, "Acha, ni zangu hizo," na kitambaa kimefungwa hivi hivi mpaka kwenye nyusi, na mgongoni alibeba nani, Awuor, mdogo wake Awuor akiwa mchanga bado... kwa hiyo mama pia, na hakumwambia mtu, alikifunga pengine kwa woga huuhuu, akimtazama baba kila akitoka na jembe, na baba mpaka leo anagombana na jogoo wa jirani, juzi ametuma salamu kwamba meno yake bado yanavunja mahindi ya kuchoma, na mama siku ya harusi ya Awuor alisukwa mistari ikafika kisogoni... basi kichwa cha mama kilikuwa kinamlilia nani, hakuna, kilichoka tu, kama shamba lililotoka kuvunwa, nalo halitabiri kifo cha mtu... Omolo anaachia ziwa, analitafuta tena, na Owino akija jioni ataulizwa kama ataoga kwanza au atakula, basi, "Mama Omolo, jua litatuacha hapa," vidole bado viko kwenye fundo, mkono bado uko juu ya vidole, ila hauzuii tena, umelala tu, "Toa," anasema, "lakini pembeni usivute."