Mishumaa ya Bi Bernice Haizimwi

"Kesho haiwezekani," Naftali alisema, macho kwenye simu. "Sina mtu wa kushika shift yako, sister."

Kerubo alikuwa amebeba beseni la maji ya moto, na Mungu amsamehe, alitamani kummwagia. Mama yake amelala mochari Nyamira. Mazishi ni Ijumaa, ndege inaondoka kesho saa nane mchana. Na mtu huyu, mzee wa kanisa, aliyeongoza maombi ya msiba Jumapili kwa machozi tele, ndiye anayemwambia habari za shift! Ati sister. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimevaa koti zito na viatu vya theluji, kimesimama jikoni mwa nyumba yake ya kutunza wazee hapa Richfield, ughaibuni. Wazee wanne, mfanyakazi mmoja.

"Mimi ndiye kifungua mimba, Mzee Naftali. Wananingoja mimi."

"Na hawa wazee nimwachie nani? Ukienda, usirudi. Nimemaliza."

Akaingia kwenye kijichumba alichokiita ofisi, akafunga mlango.

Kerubo alienda chumbani kwa Bi Bernice na hasira zake. Jua la Desemba lilikuwa limeshazama, na saa kumi na moja haijafika. Bi Bernice, Myahudi wa miaka tisini na mmoja, alikuwa amekwisha kupanga mishumaa dirishani. Ilikuwa jioni ya tano ya Hanuka, sikukuu yao ya taa: mishumaa mitano, na wa sita umesimama juu ya wenzake. Huo ndio unaowasha mingine. Bi Bernice aliuita mtumishi.

Jioni ya kwanza Kerubo aliaibika. Alikulia nyumba ambayo mshumaa mmoja ulilazimika kufika wiki ijayo, basi ilipowaka kidogo tu, akaipuliza yote ili ibaki ya kesho. Bi Bernice alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. "Haizimwi! Inaisha yenyewe!"

Leo Kerubo alimshikilia kiganja, wakawasha pamoja, na ajuza akaimba sala yake kwa sauti ya kukwaruza. Kisha Kerubo akavuta kapu la nguo, akaanza kukunja.

"Keti," Bi Bernice alisema.

"Nina kazi."

"Hii ikiwaka, wanawake wa kwetu hawafanyi kazi. Mama yangu alifua nguo za watu mwaka mzima, lakini nusu saa hii hakugusa hata kijiko. Siku nne umenidanganya kwamba utaketi."

"Mama yangu amekufa!" Ilimtoka kwa ukali, kana kwamba ajuza ndiye aliyemuua. "Miaka saba nawaogesha mama za watu. Wangu sijamtia machoni, na sasa nakatazwa hata kumzika!"

Bi Bernice akapigapiga kiti kilichokuwa kando yake.

"Basi mbona bado umesimama?"

Kerubo akaliacha shati alilokuwa akikunja, akaketi.

Haikupita dakika kumi, kengele ikalia chumba cha Mzee Harold. Ikalia tena. Naftali akatokeza kichwa mlangoni.

"Kerubo, husikii kengele?"

"Nasikia."

"Na umekaa?"

"Nimekaa. Nenda wewe, anataka kupelekwa chooni. Mishumaa ikiisha nitainuka nimalize zamu yangu ya leo. Kesho naenda kumzika mama yangu, na kazi yako ukitaka umpe mwingine."

Naftali akaelekeza kidole dirishani. "Zima hivyo vitu, uende kazini."

"Haizimwi."

Alisema polepole, bila kupandisha sauti, na akashangaa jinsi hasira ilivyomkaa vizuri kifuani. Kengele ikalia mara ya tatu. Naftali akasonya, akavua koti, akapotea koridoni. Wakamsikia akifungua kabati moja baada ya jingine.

"Glovu kubwa ziko wapi?"

"Droo ya chini!"

Bi Bernice akacheka kimyakimya, mabega yakitikisika. Dirishani mshumaa mtumishi, uliotangulia kuwaka, ulififia, ukatoa moshi mwembamba, ukaisha. Mitano ilikuwa bado inawaka. Kerubo akainama, akafungua kamba za viatu vya kazi, akavivua, kimoja kimoja.