Binti Aliyekulia Kwenye Mkanda

Kila Jumamosi baada ya chai, mkaguzi wa mizani alipiga pasi shati lake la mikono mifupi, akachomeka kalamu mfukoni, akaenda mjini kuulizia deki mpya ya kuchezea filamu. Mkewe, aliyekuwa akishona mapazia sebuleni, hakuinua macho. Cherehani yake ilikaa dirishani, televisheni ikakaa kando yake juu ya kabati fupi, na kitambaa cha mteja kilifunika kochi lote, hata mgeni akija hana pa kukaa.

"Unahitaji kitu huko mjini?" mume aliuliza.

"Nahitaji deki."

"Hiyo ndiyo naiendea."

"Kuiendea unaiendea. Kununua ndiko hununui."

Maduka yenyewe yalikuwa mawili na yalitazamana. Moja liliuza diski za kasha jekundu na deki zake, jingine diski za kasha la kijani na deki zake, na diski ya huyu haikuchezeka kwenye deki ya yule. Makampuni ya filamu nayo yalikuwa yamegawanyika, haya huku na yale kule, na kila upande uliapa kwamba si muda mrefu mwenzake atafunga virago. Mkaguzi aliingia duka la kwanza akauliza maswali yake, akavuka barabara akauliza maswali yale yale, kisha akavuka tena kumweleza wa kwanza alichosema wa pili. Wauzaji walikwisha kumzoea. Mwenye duka jekundu alimwekea kiti chake. Mwenye duka la kijani, mtu wa moyo mwepesi, alikuwa akimwachia duka akienda kula.

Haki yake apewe: mtu huyu hakuwa mlevi wala mgomvi, na mshahara aliufikisha nyumbani. Siku zote za kazi alizunguka sokoni na mawe yake ya kupimia, kuhakikisha kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ilitosha nyumba nzima. Hakuweza kuchagua kitu mpaka ajue kwanza kipi kitashinda. Sebule yao ilikuwa na ukuta mmoja wa rangi ya maziwa na mwingine wa rangi ya majani mabichi, kwa majaribio, tangu walipohamia. Mkewe alikuwa mchanga wakati huo na alidhani ni jambo la wiki moja.

Mtoto wao wa pekee alifariki akiwa na miaka minne. Wiki chache kabla ya hapo mama aliazima kamera ya video kwa kaka yake, akampiga picha uani akifua nguo za mwanasesere kwenye beseni. Mkanda ulikuwa huo mmoja. Mwanzoni mtoto alifua vile vile kila ulipowekwa. Mwaka uliofuata akaanza kuanika mwenyewe, akipanda juu ya ndoo ili aifikie kamba. Baadaye gauni likamwia fupi, akaonekana na jingine. Kisha akaonekana na sare ya shule, meno mawili ya mbele hayapo. Mama alitazama, akakata uzi kwa meno, akaendelea na upindo wake.

Alifurahi, hilo halina haja ya kufichwa. Kila alasiri aliuweka mkanda kwenye deki yao kuukuu, yeye akipiga cherehani huku, binti akifanya kazi za shule kule, juu ya beseni lililogeuzwa. Alimwona alipojifunza kusuka nywele bila kioo. Siku aliyovunja ungo alimwona ameketi kizingitini, amejikunyata, na hakuna wa kumwambia neno. Siku hiyo mama alilia mpaka akaharibu pazia la mteja. Mkaguzi naye aliona. Alirudi kutoka kazini jioni, akasimama mlangoni na mkoba wake, akatazama kidogo, akasema, "Amerefuka," kisha akaenda kuoga.

Shida ilikuja binti alipoanza kutazama lango. Lilikuwa lango la mbao, nyuma kabisa, kwenye kona ya picha, na miaka yote hakuwa amelijali. Sasa alisimama akalitazama. Siku nyingine alifungua komeo, akachungulia nje, akalifunga. Mama akauchomoa mkanda, akaufunga kwenye kipande cha pazia, akampelekea fundi wa video.

Fundi hakuona ajabu.

"Mikanda ndivyo ilivyo, mama. Ukiiweka sana haitulii. Ninao hapa wa harusi, bwana na bibi walikwisha kuachana, waliobaki ni wageni wanakula. Mwenyewe ananisumbua nimrudishie harusi yake. Nitaitoa wapi?"

"Na dawa yake?"

"Kuhamishia kwenye diski. Diski haisogei. Utakachokiweka leo ndicho utakachokikuta milele."

"Basi hamisha."

"Diski ipi? Nyekundu au kijani?" Fundi aliupima mkanda mkononi. "Uamue vizuri, maana huu umechoka. Ukipita kwenye mashine yangu mara moja, ukitoka ni wa kutupa. Nikikuwekea kwenye diski ambayo kesho haina deki, utakuwa umebaki na sahani."

Alirudi na mkanda wake. Alipomweleza mumewe maneno hayo, mume aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata ushahidi aliokuwa akiutafuta. "Unaona sasa kwa nini sikurupuki," akasema, na Jumamosi ile akachelewa zaidi kurudi.

Mama akavumilia kadiri alivyoweza. Kisha akachukua fedha zake za mapazia, akaenda mwenyewe. Alikwisha kuamua ataingia duka litakalokuwa upande wenye kivuli. Likawa la kijani.

"Shemeji, nisamehe," muuzaji akasema, akishikashika kikokotoo. "Mzee alipita. Amenisihi ukija nisikuuzie mpaka ijulikane nani atashinda. Mambo ya mume na mke mimi siyaingilii."

"Umeshayaingilia."

"Kweli, lakini nimeyaingilia kidogo tu."

Akavuka barabara. Mwenye duka jekundu alikuwa amesihiwa vile vile, ila yeye alimpa kiti.

Jioni ile aliweka chakula mezani, akakaa mbele ya mumewe, akasema aliyokuwa ameyaweka kifuani miaka yote hiyo.

"Mtoto aliposhikwa na homa ulifanya hivi hivi. Kulikuwa na hospitali ya juu na hospitali ya chini. Ukaenda kwa jirani kuuliza ipi ina daktari bora. Ukatoka hapo ukaenda kwa mwalimu, kisha kwa muuza dawa. Uliniambia nisitoke mpaka urudi. Mimi nimesimama mlangoni nimembeba, nimeshamvalisha viatu."

"Nilitaka apate iliyo bora."

"Yoyote ingetosha."

Mume alimega chakula, akakirudisha sahanini. "Hospitali ya chini waliifunga baadaye," akasema taratibu. "Kama tungempeleka ile, ungesema nini?"

"Ningesema nina mtoto."

Mume alikuwa mtu wa haki, na alikaa akilitafakari jambo hilo kwa muda mrefu, upande huu na upande ule, mpaka chakula kikapoa. Jumamosi akapiga pasi shati.

Ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo binti alipoondoka. Mama alikuwa akipachika vishikizo kwenye pazia la mwalimu mkuu. Kwenye televisheni binti, ambaye sasa alikuwa mwanamke kamili, alikuwa akianua nguo kambani na kuzikunja, moja moja, na kuzitia kwenye begi. Alikuwa amevaa viatu vya kufunika. Alipomaliza alikuja mbele, akamtazama mama yake moja kwa moja, kwa kuwa ndiye aliyeshika kamera.

"Mama, baba yupo?"

"Yuko madukani. Anaulizia."

"Bado?"

"Bado."

Binti aliitikia kwa kichwa. Hakukasirika. "Nilitaka nimuage," akasema.

"Ngoja kidogo, atarudi sasa hivi," mama akasema, na papo hapo akalisikia lile neno katika kinywa chake mwenyewe, akaona aibu. Akaweka sindano chini. "Hapana. Usingoje. Nenda, mwanangu. Uende salama."

"Nitakuja kukusalimia."

"Njoo utakapopata nafasi."

Binti akalikumbatia begi kwa mikono miwili, beseni likabaki. Akafungua komeo kwa kiwiko, akatoka. Mikono yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo lango hakulifunga.

Mkaguzi alirudi na habari kwamba duka jekundu limepunguza bei, jambo ambalo huenda ni dalili. Mkewe akampa habari yake. Mume akaketi juu ya kitambaa cha mteja.

"Ameondoka na nani?"

"Peke yake."

"Amefuata njia ipi?"

"Picha inaishia langoni."

"Angesubiri kidogo tu," mkaguzi akasema. "Imebaki kidogo sana ijulikane." Alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Mkewe alimtazama, akamhurumia, na huruma yenyewe ikamchosha.

Tangu siku ile mama hakuuchomoa mkanda. Aliuwasha kila alasiri, akashona, akilitupia jicho lango. Sasa ni yeye aliyesema diski haina haraka. Binti ameahidi kuja kusalimia, na mabinti waliokwenda mbali huwa wanakuja, pengine na mtoto mgongoni. Lazima apate pa kuingilia.

"Usiuguse huo mkanda," alimwambia mumewe. "Unanisikia?"

"Nimesikia."

Haukupita muda duka jekundu likafunga. Kampuni yake ilitangaza kwamba haitengenezi tena, na wote waliokuwa wamenunua kule walibaki na deki za kutandikia vitambaa vya mapambo tu. Mtaani watu walimsifu mkaguzi kwa busara yake. Subira yavuta heri, walimwambia, na yeye aliitikia kwa unyenyekevu. Na kweli hakupata hasara ya hata senti moja.

Siku mama alipokwenda kumtundikia mwalimu mkuu mapazia yake, mkaguzi alifanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Hakumwuliza jirani, wala mwalimu, wala muuza dawa. Alichukua mkanda, akaupeleka kwa fundi auhamishie kwenye diski ya kijani, akapitia duka la kijani, akalipia deki. Mama aliporudi alikuta deki mpya imeshafungwa, nyembamba, inang'aa, na deki kuukuu iko nje ya mlango pamoja na utepe mweusi uliojisokota kama utumbo wa kuku.

Aliketi kwenye kiti cha cherehani bila kuvua kitambaa cha kichwani.

"Tazama," mume akasema, akabonyeza.

Ua ulikuwa safi ajabu. Ulionekana ufa wa beseni, povu la sabuni lililokaukia ukingoni, na kila kibanio juu ya kamba tupu. Kule nyuma lango lilikuwa wazi, na hata chembe za kutu ya komeo ungeweza kuzihesabu. Jani moja lilikuwa limeinuka kutoka chini, likabaki hewani pale pale lilipokuwa.

"Nilikwambia usiuguse," mke akasema.

"Lakini umeona picha ilivyo? Ile nyekundu isingeweza kutoa picha kama hii hata siku moja."

"Nimeiona."

Akanyanyuka, akavuta kitambaa kipya, akaanza kupima. Mkaguzi akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa kabati, akaweka mikono mapajani, akakaza macho kwenye lango.

"Akiingia," akasema, "tutamwona vizuri sana."