Uzi Wangu Kati ya Nguzo Mbili

Usiku wa jana niliota nimo ndani ya bomba la sindano pamoja na watu wengine wengi. Tulikuwa tumebanana, na kila mmoja wao alikuwa mimi.

Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba nilikuwa nimekataa kutoa damu. Wiki iliyopita watafiti walifika hapa Njombe wakitaka damu ya sisi wazee tuliofanya kazi kwenye kiwanda cha nguzo za umeme, waone kama ile dawa ya kijani ya kuzuia mchwa ilitukata vinasaba. Niliwaambia damu yangu ni safi, waende kwa walevi. Mke wangu, Mama Lusungu, akasema, "Kama ni safi, unaogopa nini sindano?" Kisha akasema kijana wetu Lusungu hataanza kazi kiwandani hapo Jumatatu mpaka mimi nipimwe. Kazi hiyo nilimtafutia mwenyewe. Tangu hapo chakula cha nyumbani kimekosa chumvi.

Sasa sindano inatutema. Naangukia kipande cha kioo, na mwiko unanimwagia uji mwepesi wa vuguvugu. Uji unapoa, unaganda. Nimebaki kichwa tu nje.

"Uji gani huu?" nikauliza.

"Wa mwani," mwiko ukajibu. "Tulia humo, Mzee Nyagawa. Asiyekaa kwenye uji hapimwi."

Chumba kilikuwa na giza jekundu, kama banda la vifaranga. Chupa ya sabuni ikaja kwa miguu yake, ikasimama mbele yangu.

"Tunaondoa koti," ikasema.

Nilikuwa nimevaa koti la kanisani. "Mimi sivui koti mbele ya chupa."

"Halivuliwi, mzee, linayeyushwa. Na ngozi nayo. Tunataka ule uzi wa vinasaba uliofumwa nao tu. Maganda hayatusaidii."

"Kwanza nisome lebo yako. Nilihitimu shule ya usiku nikiwa na wajukuu. Siguswi na kitu ambacho sijakisoma. Washeni taa."

"Taa kali haiwashwi humu. Inakata uzi."

"Washeni taa."

Wakawasha, kwa heshima ya mvi. Nikasoma: chumvi, sabuni, maji, itunzwe penye baridi. Lebo ilikuwa imeandikwa vizuri. Wakati huohuo kitu kidogo kikakatika ndani yangu, kama uzi wa kifungo.

Taa ikazimwa. Chupa ikaanza kunimwagia. "Na lile pipa la dawa kiwandani," ikauliza, "lebo yake uliisoma?"

"Lilikuwa na picha ya fuvu. Tulidhani ni nembo ya kampuni."

"Nyote?"

"Msimamizi pia. Alisema ni kampuni kubwa."

Koti likayeyuka, kisha ngozi, kisha mifupa. Nikabaki uzi mtupu, nimejiviringa kama donge la sufu. Sikujiona vibaya. Nilikuwa donge lenye haiba.

Kando yangu, katika uji uleule, kulikuwa na donge jingine.

"Shikamoo, baba," likasema.

Alikuwa Lusungu. "Marahaba. Unafanya nini humu?"

"Mimi ni wa kulinganishia. Wanasema mtu hapimwi peke yake, atajisifu."

"Nani amekuruhusu?"

"Mama."

Nikataka kumjibu, lakini maabara haikuwapo tena. Tuko kwenye uwanja wa kiwanda, ukungu umeshuka, na uji umetanda mpaka kwenye uzio. Upande huu imesimama nguzo moja, upande ule nyingine. Nilizitambua mara moja. Nilizitia dawa kwa mikono yangu.

"Shikamoo, baba," zikasema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Mchwa hatuwajui," ikasema nguzo ya nyuma yangu. "Mimi ni Hasi, nasukuma. Mwenzangu yule ni Chanya, anavuta."

"Basi nikumbukeni. Msinivute sana."

"Baba, umeme hauna undugu," Chanya akasema kwa upole. "Aliye mzima atabaki alipo. Vipande vilivyokatika ndivyo vitakavyonifuata."

Umeme ukawashwa.

Hauumi. Ni kama sweta lako limenasa kwenye msumari na wewe unaendelea kutembea. Niliona vipande vyangu vinatoka kimoja kimoja, vinapita kwenye uji kuelekea kwa Chanya. Vifupi vilitangulia, virefu vikajikokota nyuma.

Hadubini ikainama kutoka mawinguni, ikanitazama kwa jicho lake moja. Chini ya jicho hilo niling'aa kijani.

"Huyu ni nyotamkia," ikasema. "Ana kichwa na ana mkia. Asilimia arobaini ya uzi wake imo mkiani."

"Watu wengine wana ngapi?"

"Wengi wao, tano."

"Basi nimeongoza," nikasema.

"Shule yako ya usiku, arobaini ilikuwa nini?"

Nikafikiri. "Kufeli."

Hadubini ikageuza jicho lake pembeni. Ilikuwa imelelewa vizuri.

"Ni ile taa," nikasema. "Niliwashiwa taa nikiwa nasoma. Ndiyo iliyonikata."

"Mtoto wako alikuwa chini ya taa hiyohiyo," hadubini ikasema. "Mtazame."

Nikamtazama Lusungu. Alikuwa mviringo kama mwezi wa kumi na nne. Nyuma yake palikuwa na kijimkia kama cha mbuzi, basi. Taa ilikuwa imemfanyia hicho tu. Mkia wangu ulipita uwanja mzima na kujiviringa kwenye nguzo.

Nilimtazama tu, na nikasahau kuona haya, kwa sababu sijawahi kuona kitu kizima namna ile.

Ndipo pipa la kijani likaja likibingirika kutoka ghalani, likasimama juu ya kichwa chake.

"Jumatatu anaanza," likasema. "Namwonjesha."

"Ngoja," nikasema.

"Si wewe uliyemwombea kazi, mzee? Ulinisifu hata kwa mchungaji."

"Ni mimi. Sasa nasema ngoja."

Pipa likafunguka. Sikuwa na mikono, sikuwa na koti la kumfunika. Nilikuwa na mkia. Nikaukusanya wote, kipande kwa kipande, nikauvuta kinyume na umeme, nikamtandikia mwanangu juu kama blanketi. Dawa ikamwagika. Yote ikaniangukia mimi.

"Baba, unanibana," Lusungu akasema chini yangu.

"Nyamaza."

Nikaamka. Kumekucha, ukungu uko dirishani, na Mama Lusungu anapuliza moto jikoni. Lusungu alikuwa amekaa kwenye kigoda akinywa chai, anatikisa kichwa upande mmoja, kama mtu aliyetoka kuogelea.

"Sikio limeziba tangu nilipoamka," akasema. "Sijui nini."

Nikamshika kidevu, nikamgeuzia kwenye mwanga. Ndani ya sikio lake palikuwa na kitu kama jeli, cheupe, kinapitisha mwanga. Nikakitoa kwa kidole. Kilikuwa bado baridi.

"Ni nini, baba?"

"Uji," nikasema. "Maliza chai, ukavae. Tunakwenda kutoa damu, mimi na wewe. Na Jumatatu huendi popote."

Mama Lusungu akaacha kupuliza moto.