Saa Tatu ya Kulia

Mwalimu Dina Mbwambo alihamia Masasi mwezi Julai, akitokea Same, kuja kufundisha historia katika shule ya sekondari. Alikuwa haoni tangu surua ilipompata akiwa na miaka kumi na mmoja. Mjini alitembea kwa fimbo yake nyeupe na simu yenye programu ya ramani inayosema. Programu hiyo ilimtajia mitaa na njia panda, na akitaka kurudi mahali alipowahi kuweka alama, ilimwambia umbali, na upande kwa kutaja saa, kama kwenye uso wa saa ya ukutani. Baada ya wiki chache alikuwa akienda shuleni, sokoni na kanisani bila kushikwa mkono.

Mwanzoni simu ilimwongoza kwa Kiingereza. Oktoba programu ikaongezewa Kiswahili, na Dina akabadilisha siku hiyo hiyo. Ndiyo wiki ambayo Mwalimu Oliva, aliyekaa naye meza moja ofisini, alifiwa na baba yake huko Mnyambe, upande wa Newala. Siku ya mazishi Dina alikuwa na homa kidogo, akabaki. Ilipofika Jumamosi aliona haya kuendelea kukaa bila kutoa pole, akapanda basi peke yake. Hakumwarifu Oliva. Hakutaka mfiwa ahangaike kumpokea. Mahali ilipo nyumba alikuwa ametumiwa kwenye simu tangu zamani.

Bodaboda aliyemchukua Newala mjini alimshusha pale mchanga ulipozidi. Akasema zimebaki mita mia tano tu, akamwonyesha njia kwa kidole, kisha akaondoka.

Dina akawasha programu. "Saa tatu," simu ikasema. "Mita mia nne na themanini."

Akageuka kushoto, akafuata njia iliyopindapinda. Baada ya muda simu ikasema mia tano na thelathini. Akasimama, akauliza tena upande, akaambiwa saa tatu, akageuka tena kushoto. Aliingia kwenye mikorosho, majani makavu yakawa yanavunjika chini ya viatu. Huko chini ya matawi simu ilianza kuchanganyikiwa, mara mia sita, mara mia nne. Jua lilikuwa kali na ile homa ilikuwa imerudi kwa nguvu. Fimbo ilinasa kwenye mizizi, akaanguka, na alipopapasa hakuipata tena.

Hakujua alilala pale kwa muda gani. Alisikia hatua za mtu, ndoo ikiwekwa chini, kisha mikono migumu ikamwinua kwa kwapa. Mwanamke yule alizungumza Kimakonde, na Kiswahili kidogo kidogo. Alimkokota hadi barazani kwake, akamlaza kwenye mkeka, akamlowesha kichwa kwa maji, akamnywesha uji kwa kijiko. Dina alikuwa akiulizia fimbo yake. Katikati ya maulizo hayo alikumbuka adabu, akasema, "Mama, jina lako nani?"

"Sijaona," sauti ikamjibu.

Dina akadhani anajibiwa habari za fimbo, hakuuliza tena. Kitu cha mwisho alichofanya kabla simu haijazimika ni kubonyeza kuweka alama mahali alipo. Yalikuwa mazoea tu. Baadaye alipakiwa kwenye lori dogo lililokuwa likipeleka magunia ya korosho ghalani, likamfikisha hospitali. Ilikuwa malaria, tena kali. Alilazwa siku nne.

Oliva ndiye aliyekuja kumwuguza, na kilemba chake cha msiba kichwani. Dina alimsimulia yote.

"Simu inasema saa tatu, mimi nakwenda kushoto, na bado nazidi kupotea."

"Kwa nini kushoto?" Oliva akauliza.

"Saa tatu asubuhi mshale mdogo uko wapi? Si uko kushoto, kwenye tisa?" Dina aliikumbuka vizuri saa ya ukutani ya baba yake, ni miongoni mwa vitu vya mwisho alivyoviona.

Oliva akafikiri kidogo. "Hiyo ni saa tatu yetu. Wazungu wao saa tatu mshale uko kwenye tatu. Waliotafsiri wameacha hivyo hivyo. Simu ilikuwa inakupeleka kulia."

Dina alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia dripu.

Lakini yule mwanamke hakumtoka akilini. Oliva aliulizia kijijini kwao, na kila aliyemwuliza alitaka kujua mtu mwenyewe yukoje, mrefu au mfupi, mzee au kijana. Dina alikumbuka mikono migumu tu, na sauti. Dereva wa lori alikuwa mgeni, alishapita. Ikabaki ile alama kwenye simu, ambayo Dina aliipa jina la "Aliyeniokota".

Januari shule zikafunguliwa. Siku ya kwanza na kidato cha kwanza, Dina aliwaambia wanafunzi wasimame mmoja mmoja wajitaje, apate kuzishika sauti zao. Wakajitaja: Khalidi, Cecilia, Nickson. Kisha sauti ya msichana ikasema, "Sijaona."

"Hujaona nini?" Dina akauliza.

Darasa zima likacheka.

"Ndilo jina langu, mwalimu. Sijaona Abdulazizi. Huku kwetu ni jina."

Dina akabaki ameshika kingo za meza. Alimwomba radhi yule msichana, akaendelea na majina yaliyobaki, lakini hakulishika hata moja. Kengele ilipolia alikwenda moja kwa moja ofisini.

"Oliva, yule mama aliniambia jina lake. Ni mimi sikusikia."

Oliva alipoelezwa, akaguna. "Mnyambe kina Sijaona ni wengi, wanaume kwa wanawake. Hata shangazi yangu ni Sijaona."

"Lakini alama ninayo. Na safari hii nina hiki."

Akamwekea mkononi kidude chenye ukubwa wa kiberiti. Kilikuwa kipokezi cha setilaiti. Kaka yake, Ebenezer, anayefanya kazi na wapima ardhi Arusha, alikuwa amempa Krismasi. Kiliunganishwa na simu bila waya, na Dina alikibana juu ya kofia yake ya ukili ili kione anga vizuri. Simu peke yake ingeweza kukosea nyumba nzima. Kwa kidude hiki makosa yalipungua yakawa hatua tatu, nne, hata kwenye miti.

Jumamosi moja mvua ilipopumzika walikwenda wote wawili. Mchanga ulikuwa umeloa na kushikana. Pale mwanzo wa njia Dina alitangulia na Oliva akamfuata nyuma, bila kumshika.

"Saa moja, mita mia saba," simu ikasema.

"Kulia kidogo," Dina akajifasiria, akaenda. Safari hii mita zilipungua. Mia nne. Mia mbili. Oliva alikuwa akihesabu naye kimyakimya. Simu iliposema wamefika, Dina alinyoosha mkono akashika jani la muhogo.

"Hapa hakuna nyumba," Oliva akasema. "Ni shamba tupu."

Dina akasimama palepale. Kisha akafikiri. "Leo simu haijakosea. Ilikosea siku ile, nilipoweka alama bila kipokezi. Angalia pande zote, mita thelathini, arobaini."

"Naona nyumba tatu."

"Basi tupige hodi zote."

Ya kwanza ilikuwa imefungwa. Ya pili alitoka mzee aliyeitwa Hamudi, wakamwuliza kuhusu mama aliyemwokota mgonjwa asiyeona wakati wa korosho. "Hayo mwulizeni Bibi Sijaona, hapo nyuma," akasema.

Huko nyuma mtu alikuwa akitwanga. Mtwango ukasimama.

"Shikamoo, bibi," Dina akasema.

"Marahaba."

Sauti ile Dina hakuitambua hata kidogo. Miezi yote alikuwa amebeba akilini sauti nzito, na hii ilikuwa nyembamba, ya mtu mzima sana. Akaanza kuogopa kwamba wamekosea. Alijieleza, akataja mikorosho, homa na lori. Bibi alisogea karibu, akamshika kifundo cha mkono.

"Umenenepa," akasema. "Ulikuwa mwepesi kama kuni kavu. Unaniita Evelina, Evelina. Mimi nakwambia naitwa Sijaona, wewe unaniita Evelina. Nikaona huyu anakufa na mtu wake hayupo. Basi nikawa naitika."

Dina alipiga magoti pale uani, akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili. Bibi akamwacha alie, kisha akamwambia ainuke, ardhi imeloa.

Walipewa kigoda na mkeka. Dina alitoa doti ya khanga na sukari. Bibi alivipokea, lakini shukrani zilipozidi akamkatisha.

"Ungenikuta mimi nimeanguka, ungeniacha?"

"Nisingekuona, bibi."

"Ungenikanyaga," Bibi akasema, wakacheka wote watatu.

Wakala ugali kwa kisamvu cha nazi. Bibi alitaka kujua kidude kile cha kofiani kinakula nini, akaambiwa umeme tu, akaridhika. Kabla ya kuaga, Dina alisimama mlangoni na kipokezi chake mpaka simu ikatulia, akaweka alama mpya, akaiandika kwa jina la mwenye nyumba. Akaahidi kurudi likizo ya Juni. Bibi akasema aje mapema, wapate kupukuchua mahindi pamoja.

Jioni walipata viti vya mbele kwenye basi la Masasi. Oliva alivumilia mpaka gari lilipoanza kuteremka kutoka uwanda wa juu wa Newala.

"Evelina ni nani?"

Miezi yote hiyo meza moja, na Dina hakuwa amelitaja jina hilo kwa mtu yeyote huku kusini.

"Dada yangu, marehemu," akasema. "Ndiye aliyekuwa akinipeleka shule baada ya surua. Miaka mitano, kila siku, mkono huu."

Akaanza kumsimulia, na walipofika stendi ya Masasi alikuwa bado hajamaliza.